Bastola ya Wilson Combat au ya Les Baer: nichukue ipi?

Swali: *Mtaalamu, shikamoo. Naishi Dallas, Texas, huu mwaka wa kumi na moja, nina kadi ya kijani. Ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani naonekana Jumamosi mbili kwa mwezi, na Jumamosi hizo hushindana kwenye mashindano ya bastola ya IDPA, nikitumia bastola ya aina ya 1911 ya kawaida niliyonunua mtumba. Nimedunduliza, sasa nataka 1911 moja ya maana, ya risasi za .45, ya kukaa nayo hadi uzeeni: ya mashindano, na ya kulinda nyumba niwepo nisiwepo. Nimebaki na mbili, Wilson Combat CQB na Les Baer Premier II. Dukani kwetu Baer ni nafuu kwa kama dola 700. Wilson wanaahidi risasi zitakaa ndani ya inchi 1 kwa yadi 25, Baer inchi 3 kwa yadi 50, sijui ipi ina shabaha zaidi. Kilabuni wapo wanaosema vyuma vya Baer vimebana mno, itajamu, na wapo wanaosema kubana ndio ubora wenyewe. Mke wangu naye amefundishwa kupiga, ila mikono yake ni midogo. La mwisho: mdogo wangu yuko hapa kwa visa ya masomo. Nikilipa mimi, anaweza kuwa anaitumia? Na nikirudi Moshi nitaibeba?*

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako ina mistari mingi kuhusu inchi na yadi, halafu ina mstari mmoja tu kuhusu mke wako. Mimi ningeigeuza. Nitakujibu ya inchi kwa sababu umeuliza na kwa sababu yanachanganya watu wengi, lakini jibu la ipi uchukue liko kwenye ule mstari mmoja.

Na nikiri mapema: bastola yangu mwenyewe ya kulengea shabaha ni Baer, ninayo mwaka wa tisa. Kwa hiyo ukiona naipigia debe, ujue sababu.

Tuanze na hili neno nusu oda, ambalo bastola kama hizi mbili huitwa, maana wengi wanadhani ni jina la kupandishia bei. Suruali ya dukani imekatwa kwa vipimo vya watu wote, haimkai sawasawa yeyote. Suruali ya oda kamili unapimwa kuanzia kiunoni hadi kifundoni na kitambaa kinakatwa kwa ajili yako peke yako. Katikati yupo fundi mwenye mikato yake tayari imening'inia ukutani: unachagua mkato, anakurekebishia kiuno na urefu, unaondoka umependeza. Wilson na Baer ni mafundi wa aina hiyo. Wana orodha yao ya modeli, wewe unachagua vilengeo, rangi ya chuma, vibao vya mpini na madoido mengine machache. Tofauti yao na kiwanda kikubwa ni kwamba vyuma vinavyogusana havitoki kwenye mashine na kufungwa tu. Vinaachwa na unene kidogo, kisha mtu anakaa navyo na tupa na jiwe la kunolea, anapunguza, anajaribu, anapunguza tena, mpaka vikubaliane. Unacholipia hasa ni saa za huyo mtu.

Wilson Combat ilianzishwa mwaka 1977 na Bill Wilson huko Berryville, Arkansas. Mzee huyo alianza kama fundi saa kwenye duka la familia, na ukiitazama kazi ya kampuni yake utaamini. (Mji wenyewe mdogo, lakini Nighthawk Custom nayo iko hapohapo, ilianzishwa mwaka 2004 na watu waliotoka kwa Wilson, na hata hiyo IDPA unayoshindana, iliyoundwa mwaka 1996, Wilson ni mmoja wa waasisi wake.) Les Baer yeye yuko LeClaire, Iowa, na sifa yake imejengwa zaidi na walenga shabaha wa yadi 50, wale wanaosimama na bastola kwa mkono mmoja na hawana haraka ya kwenda popote.

Sasa inchi. Ahadi hizi mbili zimetolewa kwa umbali tofauti, ndiyo maana zinakuchanganya. Chora pembetatu: ncha yake ni mdomo wa bastola, na inapanuka kadiri inavyokwenda mbele. Risasi zilizokaa ndani ya inchi 1 kwenye yadi 25, kwa hesabu ya pembetatu, zitakaa ndani ya inchi 2 kwenye yadi 50. Kwa hiyo ahadi ya Wilson, kwenye karatasi, ni kali kuliko ile ya kawaida ya Baer ya inchi 3. Lakini Baer pia anauza ahadi ya inchi 1.5 kwa yadi 50 ukiongeza pesa, na hiyo inampita Wilson. Pembetatu nayo haisemi kila kitu, maana kadiri umbali unavyoongezeka risasi na upepo huongeza mambo yao. Hata hivyo hesabu hiyo inatosha kukuonyesha kwamba inchi 3 za Baer si uzembe, na inchi 1 ya Wilson si miujiza.

Halafu jiulize hizo inchi zinapatikanaje. Zinapatikana bastola ikiwa imeegemezwa au imefungwa kwenye kifaa, kwa risasi nzuri. Mkononi mwako, umesimama, umetoka kuendesha lori kilomita elfu moja siku iliyotangulia, ukizikusanya risasi zako zote ndani ya sahani ya chai kwenye yadi 25 mimi nakuvulia kofia. Bastola zote mbili zina shabaha kuliko wewe na kuliko mimi. Hicho si kigezo cha kuchagulia.

Kubana ndiko kunakostahili maelezo marefu, kwa sababu makundi yote mawili kilabuni kwako yamepatia nusu na kukosea nusu.

Ndani ya 1911 mambo huenda hivi. Mgongoni mwa mtutu kuna meno, na ndani ya slaidi, yaani kile chuma kirefu cha juu kinachorudi nyuma, kuna mifereji inayopokea meno hayo. Risasi inapolipuka, mtutu na slaidi vimeshikana, vinarudi nyuma pamoja kwa umbali mdogo sana. Chini ya mtutu kuna kiungo kidogo kilichoshikwa na pini. Kiungo hicho kinauvuta mtutu ushuke nyuma, meno yanatoka kwenye mifereji, mtutu unabaki na slaidi inaendelea na safari yake. Ukucha uliomo ndani ya slaidi unaling'oa ganda, ganda linagonga kijino upande wa pili na kuruka nje. Springi inairudisha slaidi, slaidi inasukuma risasi mpya kutoka kwenye magazini hadi chemba, na mtutu unapanda tena mahali pake.

Shabaha yote iko kwenye hayo maneno ya mwisho, "mahali pake". Kama mtutu unarudi palepale kila mara, risasi zinafuatana. Kama leo umekaa nywele moja kushoto na kesho nywele moja kulia, zinatawanyika. Sehemu zinazouweka mtutu mahali pake ni tatu: mbele kwenye bushi, yaani pete inayoushika mdomo wa mtutu, nyuma pale kitako cha mtutu kinapokutana na slaidi, na chini pale miguu yake inapokaa juu ya ile pini. Hizo ndizo fundi anazozikalia.

Umegundua sijataja fremu, ile sehemu ya chini yenye mpini? Watu huishika bastola dukani, huitikisa karibu na sikio, wakisikia slaidi inacheza juu ya fremu wanaguna. Lakini vilengeo vyako viko juu ya slaidi, na mtutu umeshikwa na slaidi. Slaidi ikicheza kidogo juu ya fremu, vilengeo na mtutu vinacheza pamoja na jicho lako linavirekebisha. Mchango wa fremu kwenye shabaha upo, lakini ni mdogo kuliko unavyouzwa. Bastola ya zamani ya jeshi la Marekani, ile aliyoibuni John Browning, iliyopitishwa mwaka 1911 na kudumu hadi bastola ya Beretta ilipochukua nafasi mwaka 1985, ilicheza. Ilifungwa hivyo makusudi, ili mchanga na tope vipate pa kupita. Kwenye majaribio ya Machi 1911 moja ilipiga risasi 6,000 bila kujamu, na ilipopata moto sana ilichovywa kwenye maji ikaendelea.

Baer anabana kila kitu, fremu pia. Wilson anabana mtutu kama Baer, lakini fremu na slaidi anaziachia ziteleze zaidi tangu siku ya kwanza. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya bastola hizi, na imetokana na namna wanavyofikiri, si na nani fundi zaidi. Baer anakupa chuma ambacho wewe mwenyewe utakimalizia kwa kupiga. Ndiyo maana huwaambia wanunuzi wapige kama risasi 500 kabla ya kuifungua, wakiipaka tu mafuta. Wewe ni dereva, hili halihitaji maelezo: injini iliyotoka kufunguliwa na kuwekewa pistoni mpya huikanyagi siku ya kwanza. Wilson anaizoesha kwa mkono zaidi kabla haijatoka kwake, na saa hizo zimo kwenye zile dola 700.

Kwa hiyo wanaosema Baer itajamu? Ikiwa mpya na kavu, inaweza kusita: slaidi inarudi isifike mbele kabisa, unaisukuma kwa dole gumba inakaa. Ikishapigwa na ikiwa na mafuta, tatizo hilo huisha. Mimi ya kwangu ilisita mara mbili ndani ya risasi mia mbili za kwanza, sijaiona ikisita tena kwa sababu hiyo. 1911 nyingi zinazoletwa kwangu kwa kujamu hazina ugonjwa wa kubana. Ugonjwa wao ni magazini ya bei rahisi iliyopanuka midomo, ukucha uliolegea au uliokaza kupita kiasi, au springi ambayo mwenyewe hakumbuki aliibadilisha lini. Springi kuu, ile inayorudisha slaidi, ni kitu cha dola chache; mimi hubadilisha kila risasi elfu mbili hadi tatu. Magazini nazo nunua nzuri, zitie namba kwa kalamu ya rangi, na ile inayokorofisha mara mbili iondoe.

Sasa njoo kwa mama watoto.

Mwaka juzi mteja alikuja kuchukua Baer yake mpya, kaja na mkewe. Yeye mwenyewe ni mtu wa mazoezi, aliivuta slaidi ikaenda na ule mlio wa Baer mpya, kama mlango wa sefu. Akampa mke. Bastola tupu, nimeikagua mimi, akaihakikisha yeye, magazini imetoka. Mama akashika, akavuta, slaidi haikusogea hata unene wa kucha. Akavuta tena, uso umeiva. Mume akacheka, mke hakucheka. Nikamwonyesha njia: rudisha nyundo kwanza kwa dole gumba, kwa sababu nyundo ikiwa chini slaidi inalazimika kuikoki njiani na hapo ndipo uzito mwingi ulipo. Akajaribu, ikaenda, kwa shida. Nikamuuliza kama usiku wa manane, mikono inatetemeka, atakumbuka kurudisha nyundo kwanza. Akaniambia hapana, kwa sauti ya mtu ambaye hakuwa ameulizwa swali hilo nyumbani.

Wewe umesema bastola itakuwa ya kulinda nyumba "niwepo nisiwepo". Kwa ratiba yako, siku nyingi haupo. Basi mwenye bastola hii, kwa siku nyingi za mwezi, ni yeye. Mpeleke dukani. Aishike moja, aishike nyingine. Aombe ruhusa ya kuikoki tupu na kuvuta triga. Tazama vitu vitatu mkononi mwake. Je, dole gumba linafika kwenye kitufe cha usalama bila kuuachia mpini? Je, kiganja chake kinabonyeza ile sefti ya mgongoni mwa mpini kila anaposhika? 1911 isipobonyezwa pale haifyatui, na mikono midogo yenye kiganja chembamba wakati mwingine huacha nafasi hapo. Na je, ncha ya kidole cha shahada inafika kwenye triga bila yeye kuzungusha mpini? Triga fupi ipo, wote wawili wanaweza kuifunga ukiagiza, na ni jambo la kusema kabla ya kuagiza, si baada.

Upande wa pesa nisiukimbie, maana Baer ana hoja ya haki hapo. Risasi za .45 ni karibu nusu dola moja, hivyo 500 za kuizoesha ni kama dola 250. Toa hizo kwenye dola 700, bado umebakiwa na 450, ambazo ni risasi mia tisa za mazoezi. Risasi mia tisa zitakuongezea alama kwenye mashindano kuliko jina lolote lililochongwa kwenye slaidi. Ungekuwa unaishi peke yako na kupenda yadi 50, ningekuambia chukua Baer, lipia ile ahadi ya inchi 1.5, na tusingeandikiana kirefu hivi.

Lakini wewe unapiga Jumamosi mbili kwa mwezi. Risasi mia kila Jumamosi, risasi 500 ni miezi miwili na nusu. Na kwangu mimi, bastola ya .45 haiingii kwenye kazi ya kulinda nyumba mpaka ipige angalau mia mbili au tatu, za aina ileile utakayoiweka humo, bila kukwama hata mara moja, kuhesabu kuanze *baada* ya kuzoea. Ongeza mwezi mmoja na nusu. Muda wote huo mkeo atakuwa na bastola isiyovutika. Kwa nyumba yako, Wilson. Isipokuwa yeye akizishika zote mbili akasema vingine, hapo msikilize yeye.

Kuna jambo moja linalohusu zote mbili: ni 1911 za mtindo wa zamani, hazina kile kizuizi cha pini ya kufyatulia ambacho kampuni ya Colt ilianza kukitia kwenye 1911 zake za toleo la Series 80. Pini inazuiwa na springi yake tu. Watu hawakuogopa hilo kwa miongo mingi na mimi siogopi, ila springi hiyo ndogo ibadilishwe pamoja na ile kuu. Na bastola ikae kwenye sefu ndogo ya kufunguka haraka, si juu ya kabati. Mwulize mkeo kama ataifungua sefu hiyo gizani, na mjaribu taa zikiwa zimezimwa.

Usiguse tupa nyumbani. Nasema hivi kwa sababu wanaonunua bastola za bei hii hupenda kutazama video usiku. Triga ya 1911 ni kazi ya kona mbili ndogo za chuma, ya nyundo na ya kishikizo chake. Ukizipitisha msasa mara moja zaidi, siku moja nyundo itaanguka yenyewe slaidi inapofunga, au utavuta mara moja zitoke mbili. Ikitokea hata mara moja, toa magazini, ondoa risasi iliyo chemba, acha kupiga, mpelekee fundi au irudishe kiwandani. Vilevile ukiona maganda yanatoka na uvimbe au alama mpya kwenye kitako, usiendelee "kuona kama itarudia".

Hayo mawili ya mwisho nitakujibu kwa ufupi, lakini usiyachukulie kwa wepesi.

Mdogo wako: hapana. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliye nchini kwa visa isiyo ya ukaazi kumiliki silaha au risasi, na "kumiliki" mahakamani ni pana kuliko kuwa na risiti. Hata kuishika uwanja wa mazoezi kunaweza kumletea kesi na kumharibia visa. Ipo milango michache, mmojawapo ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo, lakini mlango huo asiufungue kwa ushauri wangu wala wa jamaa wa kilabuni, amwone wakili wa uhamiaji. Na ukijaza Fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha dukani, utaulizwa kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukijibu ndiyo huku unamnunulia yeye, umedanganya kwenye hati ya serikali, na mwenye kadi ya kijani ana mengi ya kupoteza kuliko raia. Namba za sefu asizijue.

Moshi: usiiweke kwenye begi. Kuitoa Marekani kunaongozwa na sheria za Marekani za kusafirisha bidhaa nje, kuiingiza Tanzania kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kinaombwa polisi kabla silaha haijaondoka, si ikiwa imeshafika Kilimanjaro. Kama una nia ya kurudi ndani ya miaka michache, hilo nalo litie kwenye hesabu: bastola hizi zote mbili huuzika vizuri mtumba zikiwa na boksi lake, karatasi zake na kile kikaratasi cha shabaha cha kiwandani kama kimekuja nayo. Usikitupe.